Siku Moja Ufukoni mwa Ziwa Kivu

Wasomaji wetu walio mbali, wa Kisangani au wa Kalemie, hufikiri pengine kwamba kila mtoto wa Goma ni mwogeleaji hodari, kwa kuwa mji huo umejengwa ukingoni mwa ziwa. Sivyo. Anayekaa katika mitaa ya juu kama Majengo au Mabanga, penye mawe meusi ya volkano, aweza kumaliza mwaka mzima bila kutia miguu yake majini, ingawa ziwa liko mwendo wa saa moja tu. Watoto wengi wa mitaa hiyo hulijua ziwa kwa njia ya bidoni: ni kitu kinachobebwa mgongoni asubuhi na kumwagwa katika pipa la mama.

Sababu yake si uvivu wala woga. Ukifuata ukingo wa ziwa ndani ya mji utakuta kuta ndefu: nyumba za watu wenye mali, hoteli, ofisi, bustani zenye walinzi. Mahali ambapo mtu wa kawaida aweza kuyafikia maji bila kulipa ni pachache, napo ni pa kazi, si pa kupumzikia. Pale Kituku, kwa mfano, mashua hupakia na kupakua, wachuuzi wa samaki hupigana bei, vijana huchota maji, na katikati ya hayo yote mama mmoja anafua nguo zake. Hatuna ugomvi na mtu aliyejijengea nyumba. Lakini twasema wazi kwamba mji ambao watoto wake hawana mahali pa kuogelea umepungukiwa na kitu kikubwa.

Basi, katika likizo kuu ya mwaka 2018, walimu wawili wa shule moja ya msingi waliazimia kuwapeleka wanafunzi wao ufukoni kwa siku nzima. Walichagua Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma, kwa sababu huko ufuko wa mchanga uko wazi kwa watu wote, na barabara yenye miti mikubwa hupita kandokando yake. Sisi tuliombwa kuwasindikiza, pamoja na mama watatu na baba mmoja wa jamaa. Wanafunzi walikuwa 34, wavulana na wasichana. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka minane. Hakuwa wa darasa lile, lakini dada yake alikataa kumwacha nyumbani, naye mwalimu mkubwa akakubali baada ya kukunja uso kidogo.

Mpango ulikuwa huu: asubuhi kuogelea na kucheza, adhuhuri kula, na alasiri kupanda mashua yenye mota hadi Rubona, bandari ya wavuvi iliyo kusini ya Gisenyi, kutazama chemchemi za maji ya moto. Nusu ya nauli ya mashua ilikuwa imekwisha kulipwa. Tunawaomba wasomaji walikumbuke jambo hilo la nauli.

Tuliondoka kabla ya jua kuchomoza. Vyungu vya chakula vilipakiwa juu ya chukudu. Kwa wale wasioijua, chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na mota wala baskeli. Mwenyewe huisukuma akipiga hatua kwa mguu mmoja, na mtelemkoni huipanda na kuiacha ikimbie. Ilituongoza hadi mpakani, kwenye lile lango liitwalo Barrière ndogo, na hapo mwenye chukudu akabaki upande wa Kongo kutungojea hadi jioni. Vyungu tulivibeba kichwani. Mwalimu mkubwa alitoa karatasi yenye majina na muhuri, akawahesabu watoto kwa sauti, mmoja mmoja, akiwagusa kichwani. Tangu hapo hakuacha kuwahesabu siku nzima, hata watoto wakaanza kumwiga kwa siri.

Saa tatu tulikuwa ufukoni. Ukungu wa kiangazi ulikuwa bado unafunika milima ya upande wa pili, maji yametulia kama mafuta katika sahani. Kwa muda kidogo watoto hawakupiga kelele. Walisimama tu. Kisha msichana mmoja alivua viatu vyake, akavipanga vizuri kando, akaingia majini hadi vifundoni, akageuka na kusema: “Kumbe si baridi!” Na baada ya hapo hakuna aliyeweza kusikia neno la mwalimu.

Yafaa tuseme machache juu ya ziwa lenyewe, kwa maana si ziwa kama mengine. Liko juu, mita 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari, na kwa hiyo hewa yake ni ya kupendeza. Urefu wake toka kaskazini hata kusini wakaribia kilomita 90, na kina chake mahali pa chini kabisa chapita mita 480. Hapo kale sana maji ya nchi hii yalitiririka kwenda kaskazini, upande wa mto Nili. Lakini volkano za Virunga ziliota na kuziba bonde, maji yakapanda, yakatafuta njia nyingine. Sasa yanatoka kusini, karibu na Bukavu, kwa mto Ruzizi, na kushuka hadi ziwa Tanganyika. Mamba na viboko, wanaotisha watu wa Tanganyika na wa ziwa Edward, hawaonekani katika Kivu. Ndiyo maana wazazi hulisifu na kusema ni ziwa la upole.

Upole huo twauamini nusu tu. Mahali pengi ukingo wa Kivu hushuka ghafula, kwa sababu pwani yake ni ya mawe ya volkano au ya milima iliyozama: mtoto apiga hatua mbili maji yakiwa kiunoni, na hatua ya tatu haikuti kitu. Gisenyi penye mchanga hushuka polepole, na hiyo ilikuwa sababu nyingine ya kupachagua. Hata hivyo walimu hawakuridhika. Walikuwa wamekuja na kamba ndefu na bidoni nane tupu zilizofungwa vizuri vifuniko. Waliingia majini hadi kifuani, wakaifunga kamba kwa bidoni hizo kama ua, wakasema: “Upande huu wa kamba ni shule. Upande ule ni mbali.” Kisha kila mtoto alipewa mwenzake, na sheria ikawa kwamba mmoja akiita, mwenzake lazima aitike, asipoitika, wote watoke majini.

Mwalimu mdogo, ambaye alizaliwa kisiwani Idjwi na kujifunza kuogelea kabla ya kujua kusoma, ndiye aliyefundisha. Hakuanza na mikono wala miguu. Alianza na kulala. “Maji hayamtaki mtu anayepigana nayo,” alisema. “Jaza kifua hewa, tazama mbingu, acha masikio yaingie majini, utanue mikono.” Aliweka kiganja chake chini ya mgongo wa kila mmoja, na alipoona mwili umelegea, akakiondoa polepole bila kusema. Wavulana wakubwa wawili, waliokuwa wamejisifu njiani kwamba wao hawahitaji kufundishwa, walizama mara moja, wakatoka wakikohoa na macho mekundu. Wasichana walijifunza upesi zaidi. Sababu yake hatukuijua, ila tuliona kwamba wao walikubali kuonekana hawajui.

Yule mdogo wa miaka minane alikataa kabisa kulala. Alisimama na maji magotini, ameshika bidoni moja kwa mikono miwili, akitetemeka. Mmoja wa akina mama aliingia majini na kitenge chake, akakaa chini mchangani hadi maji yakamfika mabegani, akamwambia: “Mwanangu, nami sijui. Tukae tu.” Wakakaa. Baada ya nusu saa hivi tuliwaona wote wawili wamelaza vichwa juu ya bidoni ileile, miguu yao ikielea.

Saa sita tulikula: ugali wa muhogo, sombe, na sambaza za kukaanga tulizonunua palepale. Watoto walishangaa kusikia kwamba sambaza si samaki wa asili wa Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika kati ya miaka 1958 na 1960, kwa kuwa katikati ya Kivu hapakuwa na samaki wa kula wadudu wadogo sana waeleao majini. Wakazaana, na leo jamaa nyingi za kandokando ya ziwa, za Kongo na za Rwanda, hupata mboga na fedha kutokana na samaki hao wadogo kama kidole.

Ndipo kijana mmoja, aliyenyamaza tangu asubuhi, aliuliza: “Mwalimu, ni kweli kwamba ziwa hili laweza kuwaka moto?”

Wenzake walicheka, lakini mwalimu mkubwa hakucheka. Alichukua chupa ya limonadi ambayo haijafunguliwa, akaiinua juani. “Mwaona kitu ndani?” Hapana. Akaifungua, povu likapanda. “Gesi ilikuwamo, ila kifuniko kiliibana.” Akaeleza kwamba katika vilindi vya Kivu, chini ya mita mia mbili na zaidi, mna gesi nyingi mno zilizoyeyuka majini: gesi ya kaboniki, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka katika ardhi ya volkano, na metani, ambayo vijidudu huitengeneza huko gizani. Zikihesabiwa jinsi ambavyo zingekuwa hapa hewani, kaboniki yafika kilomita za ujazo 300 hivi, na metani 60 hivi. Maji ya chini ni mazito kwa chumvi, wala hayachanganyiki na ya juu. Uzito wa maji ya juu ndio kifuniko cha chupa. Anayeogelea ufukoni haguswi na gesi hizo. Lakini mwaka 1986, katika ziwa Nyos nchini Kameruni, ziwa dogo kuliko hili mara nyingi sana, kifuniko kilifunguka, gesi ikatoka usiku na kuua watu wapatao 1,700 katika mabonde ya jirani. Kwa hiyo wataalamu hulichunguza ziwa Kivu mwaka hata mwaka.

“Na metani ndiyo inayowaka,” akaendelea, “ila kwa faida.” Tangu mwaka 1963 walianza kuivuta pale Rubona ili kuwasha moto wa kiwanda cha bia, na karibu na Kibuye, tangu miaka ya 2015 na 2016, kinu kinachoelea majini huivuta gesi hiyo, nayo gesi huzalisha umeme wa megawati 26. Wavutaji hawahitaji kusukuma sana: wakiisha kuyapandisha maji ya chini katika bomba, gesi yenyewe hutoa mapovu na kuyainua yanayofuata, kama ile limonadi.

Kisha akageukia jambo ambalo watoto wa Goma wawajibika kulijua zaidi ya lile la vilindi. Katika nchi ya volkano, hasa magharibi ya mji, gesi ya kaboniki hutoka pia katika nyufa za ardhi kavu. Kwetu huitwa mazuku. Haina rangi, wala huwezi kuitambua kwa harufu. Na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hukaa katika mashimo na mabonde madogo, hasa usiku na asubuhi mapema, kabla ya upepo na jua kuitawanya. Mbuzi aingiaye humo hufa, na mtu aingiaye kumtoa mbuzi hufa juu yake. “Mkiona ndege au mjusi amekufa katika shimo, msishuke kutazama. Na mkichoka katika matembezi, lalani mahali palipoinuka.” Yule kijana aliyeuliza alisema polepole kwamba kwao waliwahi kupoteza kondoo watatu asubuhi moja, na baba yake alidhani ni uchawi wa jirani. Hakuna aliyecheka safari hiyo.

Saa saba mashua ilikuja. Ilikuwa nzuri, imepakwa rangi nyeupe na buluu, na watoto walipiga vigelegele. Mwalimu mkubwa alimwendea mwenye mashua, akamsalimu vizuri, akauliza yako wapi makoti ya kuelea, yale ambayo wengi kwetu huyaita jile. Mwenye mashua aliinua ubao wa kiti na kuyatoa. Yalikuwa saba, na moja kati yao halikuwa na mikanda.

“Mwalimu, hapa ni karibu tu,” alisema yule bwana, kwa adabu. “Hatutatoka mbali na ukingo. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, na maji leo yametulia.”

“Nakuamini, ndugu yangu. Lakini watoto ni 34, na makoti ni saba. Hebu unichagulie wewe wale saba.”

Mwenye mashua alitazama mchanga. Alisema angeweza kuwapeleka kwa zamu, lakini hata hivyo zamu ya watoto saba ingetaka safari tano, na jua lingekuchwa. Aliwatajia walimu kwamba nusu ya nauli hairudishwi. Hapo baba wa jamaa tuliyefuatana naye alikasirika, si kwa mwenye mashua, bali kwa mwalimu. Fedha ile, alisema, zilitoka katika mifuko ya wazazi maskini. Watoto wamengojea siku hii miezi mitatu. Na watu wazima wanapanda mashua hizo kila siku kwenda Bukavu na Minova. Tukiri ukweli: nasi tulikuwa upande wake. Maji yalikuwa yametulia. Watoto wengine walikuwa wamekwisha kuanza kulia.

Mama yule aliyekaa majini na mtoto mdogo alisema neno moja tu: “Baba, mimi nimemzika ndugu yangu bila mwili.” Hakueleza ziwa gani, wala mwaka gani. Yule baba alinyamaza, akainua chungu kitupu, akaanza kukisugua kwa mchanga.

Mashua ilichukua watu wengine waliokuwa wakipita, vijana na wake zao, ishirini na zaidi, ikaondoka kwa nyimbo. Sisi tulishika njia kwa miguu. Kutoka Gisenyi hadi Rubona ni kilomita 6 hivi, na njia hiyo, ambayo hufuata ukingo, ni mwanzo wa njia ndefu ya watembezi iendayo hadi kusini ya ziwa, kilomita 227. Mwanzoni watoto walitembea kama watu wanaokwenda mazishini. Lakini ukingo wa ziwa hauvumilii huzuni ya watoto kwa muda mrefu. Mmoja aliona ndege mweusi na mweupe akisimama angani bila kusonga, akipiga mabawa, kisha akajitupa majini kama jiwe na kutoka na samaki. Ni mdiria, na watoto walisimama wakamngoja arudie. Mwingine aliona mtumbwi uliochongwa katika gogo moja. Msichana aliyevua viatu vya kwanza alihesabu ghuba. Walipofika ya nne walikuwa wakiimba.

Mnamo saa nane upepo wa kusini ulianza kuvuma, kama uvumavyo mara nyingi siku za kiangazi, na ziwa lililokuwa kama mafuta likabadilika rangi. Mawimbi yakatoa meno meupe. Ile mashua ya nyeupe na buluu ilikuwa ikirudi toka Rubona wakati huo. Tuliitazama ikipanda na kushuka. Twaeleza jambo hili kama lilivyotokea: mashua ilitupita salama kabisa. Wale vijana waliokuwamo walitupungia mikono na kucheka, na mmoja aliita kwa sauti kuu, akiuliza kama miguu yetu ilikuwa na mota. Baadhi ya wanafunzi waligeuka kumtazama mwalimu wao. Yeye alikuwa akiwahesabu.

Kule Rubona chemchemi za moto hutokea kandokando ya ziwa lenyewe, mvuke ukipanda katikati ya mawe. Mahali zinapotoka, maji hayavumiliki kwa mkono. Hatua chache mbele, yanapochanganyika na ya ziwa, ni ya vuguvugu, na wazee wenye maumivu ya viungo huja kuketi humo. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa na miguu yake majini aliwasogezea watoto nafasi bila kuambiwa. Walitia miguu yao yenye vumbi, wote pamoja, na kukaa kimya kwa mara ya pili siku hiyo.

Bandarini wavuvi walikuwa wakitayarisha kazi ya usiku. Mashua zao huenda tatu tatu, zimefungwa sambamba kwa miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma kama pembe, na wavu huning’inia katikati. Usiku huwasha taa. Mwanga huwakusanya wadudu wa majini, wadudu huwavuta sambaza, na wavu huinuliwa. Mvuvi mzee aliwaeleza watoto kwamba wao hupiga makasia kwa kufuata wimbo, kwa sababu mashua tatu zilizofungwa pamoja zikipigwa na makasia yasiyopatana hazisogei. Mwalimu mdogo alimwuliza: “Mzee, nanyi mnavaa makoti ya kuelea?” Mzee alitikisa kichwa akitabasamu. “Mwanangu, sisi tuna hizi mashua tatu zilizofungwa. Hazipinduki kwa urahisi. Lakini hao wa mota, wanaopanga watu kama mahindi katika gunia…” Akakata maneno, akaendelea na fundo lake.

Maneno ya mzee huyo tumeyakumbuka mara nyingi tangu hapo. Mwezi wa nne mwaka 2019 mashua ilizama upande wa Kalehe, na watu wengi wakapotea; ndipo serikali yetu ilipoamuru kwamba kila abiria wa ziwa avae koti la kuelea. Amri ni jambo moja, na kiti chenye makoti saba chini yake ni jambo jingine. Mwaka 2024 vita ilikuwa imeifunga barabara ya Goma na Minova, na waliozoea kupita kwa gari walilazimika kupita majini. Tarehe 3 Oktoba mashua iliyotoka Minova, imejaa kupita kiasi, ilipinduka mbele ya Kituku, ikiwa karibu kabisa kufika, watu wa bandarini wakiitazama. Waliokufa walikuwa makumi kwa makumi. Hapakuwa na mamba wala kiboko. Mashua iliyojaa mno hupinduka kwa jambo dogo sana: watu wainuka pamoja kuchukua mizigo, au waegemea upande mmoja kuona jamaa zao waliokuja kuwapokea, na uzito wote wahamia huko. Na mtu akiisha kuanguka majini, hata akijua kuogelea, hushikwa na kumi wasiojua.

Mwaka 2018 hatukuyajua hayo. Tulijua tu kwamba miguu yetu ilituuma, na kwamba nusu ya nauli ilikuwa imekwenda bure. Tulirudi Gisenyi jua likielekea milima ya Kongo, tukaziona mashua tatu tatu zikitoka nyuma yetu, miti yake ikionekana kama ndevu za kamba-maji. Na wimbo wa wavuvi ulifika kwetu vipande vipande, kwa kadiri ya upepo. Watoto hawakuelewa maneno yote, lakini walishika kipokeo, wakawaitikia kutoka barabarani. Hatudhani wavuvi walisikia. Yule baba wa jamaa, mkasirikaji, alikuwa amembeba mgongoni mtoto asiyekuwa wake.

Mpakani tuliwahesabu: 34. Tulipovuka: 34. Mwenye chukudu alikuwa palepale tulipomwacha, akafunga vyungu kwa kamba na kuvifunika kwa turubai, na sote tukaanza kupanda kwenda mitaa ya juu, giza likiingia upesi kama liingiavyo kwetu. Katika barabara ya Majengo, mbele ya mlango wa shule, wazazi walikuwa wakingoja. Mwalimu mkubwa aliwapanga watoto kwa mstari wa mwisho, akawagusa vichwa mmoja mmoja, na kufika 33.

Alirudia. Zilikuwa 33. Dada wa yule mdogo alipiga ukelele, na tuliona wazazi kadhaa wakigeuza nyuso zao kuelekea chini, upande wa ziwa, ingawa hapo lilipo halikuonekana tena. Mwalimu mdogo alikuwa amekwisha kuanza kukimbia kurudi mpakani. Ndipo mwenye chukudu, aliyekuwa akifungua kamba zake taratibu, alipoinua pembe ya turubai. Mtoto alikuwa amelala katikati ya vyungu viwili, mikono imetanuliwa, kifua juu, kinywa wazi kuelekea mbinguni.

“Mwalimu, huyu nimempandisha mimi,” alisema. “Alikuwa anatembea huku amelala.”

Mwalimu mkubwa alimgusa kichwani bila kumwamsha, akasema kwa sauti, ili wote wasikie: “Thelathini na nne.”